Ushanga wa Kuuza na Ushanga wa Kutoa

Kila Noeli inapokaribia, wengi wetu twajiuliza: Tumpe rafiki zawadi gani? Mwenye fedha huenda dukani. Asiye nazo huona haya, akidhani kwamba hana cha kutoa. Juu ya jambo hili twapenda kufikiri pamoja nanyi, wasomaji wetu, na mfano wetu twautoa Engaresero.

Kijiji hicho kimo katika Wilaya ya Ngorongoro, karibu na Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Wageni hufika huko kutazama heroe, maporomoko ya maji, na nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhika katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Nao akina mama wa Kimasai huwatandazia shanga walizozitunga kwa mikono yao, wapate fedha ya unga na ya madaftari ya watoto.

Tumfikirie mmoja wao, ambaye ataka kumpa rafiki yake pambo la Noeli: nyota ya kutundika ukutani, iliyodariziwa kwa mishono ya msalaba, na juu ya kila mshono chembe moja ya ushanga. Kitambaa kikiwa na mistari 30 yenye mishono 30, hiyo ni mishono 900. Na ikiwa kila mshono wachukua sekunde 20, kazi nzima ni ya saa 5.

Je, katika zawadi hiyo kilicho chake hasa ni kitu gani? Si ushanga. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta bara shanga za Venice; kisha zikaja kwa wingi zile za Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Ushanga ni kitu cha kununuliwa. Labda tuseme kilicho chake ni zile saa 5. Lakini hata mkufu anaomwuzia mgeni una saa zake ndani. Basi tofauti haiko katika saa peke yake. Atungaye mkufu wa kuuza hajui nani atauvaa. Bali amdariziaye rafiki anao uso wa rafiki mbele yake tangu mshono wa kwanza hata wa mwisho. Akikosea hufumua, ijapokuwa hakuna mnunuzi wa kulalamika. Huko ndiko kutoa.

Hapa mtu mwenye busara aweza kutupinga: "Saa za maskini ni chakula chake. Kwa nini asiiuze nyota hiyo, watoto wapate kula?" Neno hili si la kudharauliwa, maana mtoto mwenye njaa atangulia mapambo yote. Lakini twakumbuka kwamba neno la namna hiyo lilisemwa Betania, juu ya manukato yaliyokadiriwa bei ya dinari 300, na aliyelisema hakuwajali maskini. Maskini naye ni mtu. Tukimwambia kwamba kila saa yake sharti iuzwe, twamnyang'anya heshima ya kuwa mkarimu, nasi twamhesabu kuwa chombo cha kazi tu.

Basi, sehemu ya wajibu yatuangukia sisi wanunuzi. Yeye abishaniaye bei ya mkufu mpaka mama akubali kwa sababu ya shida, hakuchukua shanga tu. Amechukua na saa ambayo mama huyo angaliweza kumpa rafiki. Tulipe bei ya haki, naye abaki na saa ya kutoa.

Nawe upokeaye nyota iliyodariziwa, usiulize yauzwa kiasi gani, wala usiharakishe kuilipa kwa kitu kikubwa zaidi, kana kwamba ni deni. Itundike mahali pa kuonekana. Kuna mtu aliyekufikiria mara 900.