Nani alikupatia nyundo?

Kuna kazi ambazo mtu anaweza kuanza peke yake bila kuuliza mtu yeyote: kufuga kuku, kupanda maua, kupiga gitaa. Je, kufua chuma ni moja ya kazi hizo? Swali hili sikulitoa katika vitabu. Liliniingilia kwangu nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Wakati wa vakansi kubwa nilijenga jiko la kufulia chuma nyuma ya nyumba, juu ya kujifurahisha tu. Nilichukua janti ya zamani ya kamyo, nikaipaka ndani udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, nikaiacha ikauke polepole siku nyingi, sababu udongo wenye maji ukipata moto wa ghafula unapasuka. Chini nilipitisha bomba la chuma jeusi, lisilopakwa zinki, kwani moshi wa zinki unaleta homa. Kwenye mwisho wa bomba nilifunga vantilateri ndogo ya kuzungusha na mkono. Kipande cha reli kilikuwa fuawe yangu. Makala nilinunua sokoni, na chuma nilikipata ku magaraji: resori za gari. Chuma cha betoni nilikiacha, maana kaboni yake ni kidogo. Hata ukikizamisha majini kikiwa chekundu, hakishiki makali.

Nilijifunza kusoma rangi. Chuma kikiwa cha machungwa ao manjano, piga. Kikirudi chekundu cha giza, acha, rudisha motoni. Kikitoa cheche nyeupe, kimeungua, hakuna dawa. Kikifika karibu na digrii 770 sumaku haikishiki tena. Zidisha moto kidogo, halafu kizamishe katika mafuta. Haya yote nilikuwa ninayafundisha darasani miaka na miaka, lakini siku ile mkono wangu ndio uliyaelewa.

Kisu changu cha pili kilitoka kizuri. Kijana mmoja wa mtaa alikisifu sana, nikampa bure, kwa majivuno. Kisha mwezi mmoja, katika ugomvi wa kunywa pombe, kisu kile kilikata mkono wa mtu. Hakufa, lakini vidole viwili havikunjiki tena.

Watu walikuja kwangu. Mimi nilijitetea: «Sikumtuma. Tena mimi si mhunzi, nilikuwa ninacheza tu.»

Katikati yao alikuwa mzee mmoja, mtoto wa wahunzi wa Kiluba. Aliangalia jiko langu, akaniuliza: «Mwalimu, nani alikupatia nyundo?»

«Nilinunua ku soko, baba.»

«Mie sikuulize bei, mutoto yangu. Nilikuuliza nani alikupatia.»

Nilikosa jibu. Tangu siku ile ninalitafuta.

Kwetu, nyundo haikuwa kitu cha kuokota. Masimulizi ya Waluba yanasema ujuzi mkubwa wa kufua ulikuja na ukoo wa Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, baba wa Kalala Ilunga. Ndiyo sababu katika kumsimika mfalme kulikuwa sherehe iliyokumbusha kupiga fuawe, na pini za nywele zilifuliwa kwa umbo la fuawe. Mambo hayo ni ya zamani sana: katika bonde la Upemba, makaburi ya miaka zaidi ya 1000 yametoa mashoka ya heshima, na fuawe pia. Wayeyusha madini nao walikuwa na miiko: mpaka tanuru lilipomaliza kazi yake, hawakulala na wake zao. Na kijana alianza na mivuo, akapuliza siku nyingi mbele ya kuruhusiwa kushika nyundo.

Wasomi kama sisi tunasema haraka: ushirikina, ao namna ya kulinda soko. Kuna ukweli ndani yake. Siri inayofungwa ndani ya ukoo mmoja inaweza kumlisha yule ukoo na kumnyima jirani. Tena siri ile imetuponyoka: majembe ya viwanda yalipoingia wakati wa ukoloni, matanuru ya kuyeyusha chuma yalizimika, na wazee wengi walizikwa na ujuzi wao. Tukingoja ruhusa ya marehemu, hakuna mtu atakayefua tena. Kama mwalimu siwezi kusema kwamba ujuzi ni wa damu fulani.

Lakini mzee hakuniuliza habari ya damu. Aliniuliza ni nani aliye nyuma yangu. Mhunzi wa zamani alipotoa shoka, kijiji kilijua limetoka mkono gani, na yeye alijua limekwenda mkono gani. Likifanya mabaya, aliitwa. Miiko ilimkumbusha kila siku kwamba moto ule haukuwa wake peke yake. Mimi nilichukua moto, nikaacha kuitwa. Neno langu «nilikuwa ninacheza tu» lilikuwa kosa kubwa kuliko kisu chenyewe. Furaha yangu ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini chuma hakijui kama kimefuliwa kwa furaha ao kwa biashara. Kinakata vilevile.

Nililipa dawa za yule mwenye kuumia, na nilikwenda kumsalimia kwake. Hilo lilikuwa gumu kuliko kulipa. Kisha nilirudi kwa mzee. Alinikalisha ku mivuo vakansi nzima, mimi mwenye diploma, pembeni ya mjukuu wake. Sasa kila kitu ninachofua kina alama yangu, ili kikifanya mabaya kipate njia ya kurudi kwangu. Na mtu akiomba kisu, ninauliza cha nini. Wengine wanakasirika na kwenda zao.

Vijana wanaotaka kujenga jiko kama langu, wajenge. Janti zipo, udongo upo. Lakini mbele ya kuwasha makala, kila mmoja atafute mtu atakayekuwa na haki ya kumuita na kumuuliza. Siku akiitwa, asiseme alikuwa anacheza.