Kidole Nacho Kitaulizwa



Wazazi wengi wa pwani wana vijana wao huko Karatu: huyu ni dereva wa watalii, yule ni mpishi wa hoteli, mwengine ana duka. Na siku hizi twasikia kuwa baadhi yao wameziweka kando simu za kupapasa wakarudia zile za batani, tuziitazo vitochi au viswaswadu. Wazee wamefurahi, wakasema: Alhamdulillahi, mtoto ameongoka. Je, kuongoka huuzwa dukani?

Kwanza tukipe kitu haki yake. Asiyepata kufika Ngorongoro asidhani kuwa kitochi ni simu ya fukara tu. Ukipita lango la Lodoare ukapanda mpaka ukingo wa kreta, uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200. Asubuhi ukungu ni mzito na baridi hukaza vidole. Kioo hakimtambui aliyevaa glovu, na kikirowa hufuata tone la maji badala ya amri yako. Batani haina hayo. Kidole huijua njia gizani, khasa ile tano yenye kijinundu chake, na jicho hubaki kwa ng'ombe. Chaji hukaa siku kadhaa, neema kubwa kwa mchungaji aliye mbali na umeme. Na kwa batani hizo hizo mtu huandika *150*00# akamtumia mamake fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Wakubwa wa dunia nao waliipenda BlackBerry kwa ajili ya batani zake za herufi, mpaka kampuni ilipozima huduma za simu zake za zamani tarehe 4 Januari 2022. Nafsi hupenda kuhisi kuwa imefanya kitu. Kioo hukubali kila jambo. Batani hudai nguvu kidogo.

Hapo ndipo ilipo hoja ya vijana wetu. Husema: kwenye kitochi kila herufi ina gharama yake, kwa hivyo mtu hufikiri kabla ya kusema. Hoja nzuri, lakini tuihesabu. Kuandika "samahani" hubonyeza mara 15, maana S peke yake yataka mara nne. Kuandika "talaka" hubonyeza mara 9. Yaani kuvunja nyumba ni rahisi kuliko kuomba radhi! Wala si mzaha, kwani wako wanawake walioachwa kwa ujumbe wa simu, mume yuko kazini mbali na hasira imempanda usiku. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameihesabu talaka ya maandishi kuwa ni kinaya, hukumu yake yafuata nia ya mwandishi. Hawakuuliza kalamu ilikuwa ya mwanzi au ya chuma.

Hata hivyo hatusemi kuwa kitochi hakina faida. Fitina nyingi za leo mtu haziandiki. Huzipokea na kuzisukuma kwa mguso mmoja, picha ya mke wa mtu au sauti ya asiyejua kuwa amerikodiwa, kisha akajitetea kuwa maneno si yake. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na Surat Yasin yatueleza kuwa Siku hiyo vinywa vitafungwa na mikono itasema. Aliyeandika na aliyesukuma wote wana mikono. Ajijuaye kuwa kioo humshinda, akaufunga mlango huo kwa kununua kitochi, amefanya la busara. Ila asimdharau mwenzake mwenye simu kubwa, ambaye husikiliza darsa akiwangojea wageni wake. Na tangu mwaka 2019 mlango wenyewe haufungiki vizuri, maana Vodacom walitoa simu waliyoiita Smart Kitochi, ya batani lakini yenye intaneti.

Basi ewe mzazi uliyekwisha kufurahi, mwite mkaza mwanao umuulize ujumbe aupatao kutoka Karatu ni wa namna gani, na fedha za matumizi hufika kila mwezi au la. Wallahu aalam.