Kisu na Sindano

Mtu mnene kupita kiasi hubeba mizigo miwili: mmoja wa mwili, wa pili wa lawama. Wa kwanza humchosha magoti na moyo. Wa pili humfunga kinywa hata akaona haya kuomba tiba. Husemwa kuwa angalijizuia angalipona, na kwamba atafutaye tiba hukimbia wajibu wake. Kauli hii yafaa kupimwa.

Tiba kubwa leo ni mbili. Ya kwanza ni kisu. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuligawa tumbo na kuunganisha sehemu yake ndogo na utumbo. Katika uchunguzi wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, waliopasuliwa kwa namna hii walikuwa bado wamepungua kadiri ya robo ya uzito wao baada ya miaka 10. Ya pili ni sindano. Semaglutaidi, ichomwayo mara moja kwa juma, huiga homoni ya utumbo inayouarifu ubongo kuwa shibe imefika. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha upungufu wa wastani wa asilimia 15 hivi kwa majuma 68. Lakini walioiacha walirudiwa na thuluthi mbili za uzito huo katika mwaka mmoja.

Kisu hudai ushujaa wa siku moja, na athari zake ni za maisha: kilichokatwa hakirudi kwa urahisi, na vitamini humezwa hata uzeeni. Sindano haiachi kovu, lakini hudai fedha na uvumilivu usio na kikomo. Kisu hupunguza zaidi. Sindano huweza kusitishwa ikimdhuru mtu.

Kurudi kwa uzito ni shahidi mkubwa. Dawa ilipokoma, tabia ya mgonjwa haikuharibika usiku mmoja. Njaa ndiyo iliyorudi na nguvu zake. Basi aliyeshindwa hapo kwanza hakushindwa kwa uvivu, bali alipigana na mwili wake mwenyewe. Nia ina kazi yake, lakini haiwezi kufanya kazi ya homoni, kama ushujaa usivyoweza kufanya kazi ya miwani.

Kwa hiyo daktari na aeleze faida na hatari, na mgonjwa achague lile awezalo kulistahimili. Jirani asiwe hakimu: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.