Siri Ina Mwenyewe

Je, mtu ambaye kazi yake ni kufukua mambo ya watu ana haki ya kuyafukia ya kwake? Hapa Nyarugusu nimeulizwa swali hili mara nyingi, na mara nyingine kwa mzaha tu pale bombani: "Wewe mama, unatafuta ya watu kila siku, ya kwako je?" Watu wanacheka, nami nacheka, foleni ya maji inasogea. Lakini swali lenyewe siyo la mzaha, na leo nataka kulijibu.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana kuna wanaotuita wapelelezi. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kutafuta ndugu waliopotezana. Mtu anakuja ananiambia: mara ya mwisho nilimwona mdogo wangu kwenye njia ya Baraka, risasi zinalia, tukaachana. Namwuliza jina la baba, la mama, la babu, kijiji, kanisa walilosali, jina la utani. Naandika. Halafu naanza kuzunguka, zoni kwa zoni: kwa wazee, kwa wachungaji, kwa akina mama wanaouza dagaa sokoni, ambao wanajua nani katoka wapi kuliko kompyuta yoyote. Upelelezi wenyewe ndio huo. Hakuna bastola kama kwenye filamu. Kuna daftari, miguu na masikio.

Kazi hii ni ya zamani kuliko kambi zetu. Mwaka 1914, vita vikuu vilipoanza Ulaya, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi mjini Geneva ya kutafuta habari za wafungwa wa vita. Zilijazwa kadi karibu milioni 7, kadi moja moja, na waliojitolea kuzijaza wengi wao walikuwa wanawake. Baada ya 1994, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha, na picha zikabandikwa kambini ili mzazi akipita aangalie kama wa kwake yumo.

Vifaa vimebadilika, lakini kuna kanuni tunayoishika kuliko zote: nikimpata anayetafutwa, simpi anayemtafuta anwani yake mpaka mwenyewe akubali. Anaweza kusema, "Mwambie niko hai, basi." Anaweza kusema hapana kabisa. Wengi hawaielewi kanuni hii. Baba mmoja anaweza kukasirika: mke ni wangu, kwa nini unificha? Lakini huyo mama pengine hakukimbia vita peke yake, alikimbia na kipigo. Kutafutwa siyo sawasawa na kupendwa. Kwa hiyo tumefundishwa kwamba habari ya mtu ni mali yake. Sisi tunaibeba tu, kama mtu anayebeba amana ya jirani.

Sasa nigeuze hiyo kanuni inielekee mimi.

Mwaka 1999 nilivuka Ziwa Tanganyika na mtoto wa kike mgongoni, kama wa miaka miwili hivi. Watu wa mtumbwini walidhani ni wangu. Nilimkuta njiani, ndani ya kundi la watu waliotoka upande wa Uvira, amekaa peke yake, hakuna aliyemjua. Mimi ni Mubembe. Mtoto alikuwa analia kwa lugha isiyo yetu, mzee mmoja akasema ni Kifuliiru. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo. Tulipofika, niliandikisha ukweli: mtoto niliyemwokota njiani. Walitafuta wakati ule, lakini bila jina la baba wala la kijiji karatasi ililala. Mtoto akakua. Ananiita mama, anapika ugali kama mimi, anacheka kama mimi, anaota ndoto zake kwa Kibembe.

Angalieni jambo hili. Kwenye kompyuta ya ofisi ukweli ulikuwepo. Karani aliyekuja juzi tu kutoka mjini, akibonyeza namba ya kadi yetu ya mgao, angeuona. Chini ya turubai yetu tu ndiko ulikokuwa haujasemwa. Na siku hiyo hiyo ya kazi mimi ninamwambia mama wa zoni nyingine: jitahidi kukumbuka, kila jina lina maana, kuna mtu anamlilia huyu.

Kuna kitabu kimepita mikono mingi hapa, kava lake limeshonwa kwa uzi. Ni hadithi za Mma Ramotswe, mwanamke wa Botswana aliyetungwa na mwandishi Alexander McCall Smith. Aliuza ng'ombe alioachiwa na baba yake, akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone. Anawatafutia watu waume waliopotea na wezi wa ofisini. Katika kitabu cha mwaka 2004, mambo ya kale yanamfuata yeye mwenyewe. Note Mokoti, mume wake wa ujana aliyekuwa akimpiga, anarudi na kudai pesa, maana hawakuwahi kupeana talaka na mama huyu sasa ameolewa na mtu mwema. Anateseka. Mwishowe anafanya kwa jambo lake kile anachofanya kwa mambo ya wengine: anakwenda kuuliza. Anagundua kwamba Note alikuwa tayari na mke siku alipomwoa yeye. Ndoa iliyomtisha haikuwa ndoa.

Hadithi ni hadithi, mwandishi anaweza kupanga mwisho mzuri. Kilichonigusa ni hiki: yule mwanamume alikuwa na nguvu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameishika habari. Siri ambayo mtu mwingine anaijua kukuhusu wewe, na wewe mwenyewe hujaiangalia, ina bei, na anayeipanga hiyo bei siyo wewe. Nikamfikiria binti yangu. Ya kwake ilikuwa inashikwa na mimi, na kompyuta, na wazee watatu wanne tuliovuka nao.

Nilipoleta wazo la kumwambia, wenzangu walinipinga, na hoja zao siyo za kijinga. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniambia: "Dada, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni wako. Unataka kumpa kilio cha nini?" Kweli, kulea ndiko kunakofanya mzazi, hilo sibishani nalo. Mwingine alisema hapa kambini mtu ana vitu vichache sana: kadi, godoro, na watu wake. Ukimwondolea hicho cha tatu, umembakizia nini? Hoja hii ilinikalia usiku mwingi. Ukweli siyo dawa ya kila ugonjwa. Nimeona watu waliopewa habari za ndugu zao wakatamani wasingeuliza.

Lakini hoja zote hizo zinajibu swali la faida: ukweli utamsaidia au utamwumiza? Kazi yangu imenifundisha kuuliza lingine kwanza: ni wa nani? Mtoto wa miaka mitatu hawezi kubeba habari ya aina hii, basi mlezi anambebea, na kunyamaza kwake ni sehemu ya kulea. Huo siyo uongo. Ukimwekea mtoto mbuzi wake mpaka akue, hujaiba. Lakini mbuzi akishakuwa na mwenyewe anayeweza kumchunga, na wewe bado unamfunga kwenye zizi lako, jina la kitu hicho linabadilika. Siri nazo zinabadilika namna hiyo. Miaka inavyokwenda zinahama, kutoka kwa mtunzaji kwenda kwa mwenyewe, hata kama hakuna aliyesema neno.

Kwa hesabu yetu ya kukisia, 2015 alifikisha miaka 18. Ndio mwaka nilipomwambia, jioni, baada ya kula. Alinyamaza muda mrefu. Halafu aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Kwa hiyo, mama, kuna mtu ananitafuta?" Nikamjibu: inawezekana, na inawezekana pia hakuna aliyebaki. La pili: "Huyo karani alijua kabla yangu?" Nikamjibu ndiyo. Swali hilo la pili nawaachia ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Mnapobonyeza namba ya kadi na kumwita mtu kwenye mahojiano, pengine mnajua jambo ambalo yeye halijui. Msilitupe mezani kana kwamba ni tarehe ya mgao. Ulizeni kwanza, mlezi akiwa pembeni: huyu ameshaambiwa?

Alitaka faili ifunguliwe. Mimi sikuishika. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapo sikubaliani na Mma Ramotswe. Ningeifuatilia mwenyewe, ningetaka jibu fulani, na masikio yangu yangesikia hilo tu. Nilimpa mwenzangu wa zoni nyingine. Nikaketi kwenye benchi kama mteja, nikaulizwa maswali yale yale ninayowauliza watu: saa ngapi, barabara ipi, amevaa nini, nani alikuwepo. Pale nilijua uzito wake. Tangu siku hiyo nikimwuliza mtu nampa muda, hata kama foleni ni ndefu.

Basi jibu langu kwa wa bombani ni hili: ninayo haki ya kunyamaza juu ya yaliyo yangu peke yangu, na yapo, na sitawaambia. Haki hiyo hata wale ninaowatafuta wanayo. Sina haki hiyo juu ya jambo ambalo nusu yake ni uhai wa mtu mwingine mwenye akili timamu.

Binti yangu amesoma maandishi haya kabla yenu, amefuta mistari miwili, iliyobaki ameikubali. Alama moja ya mwilini mwake haimo humu, kwa sababu atakayejitokeza kusema ni ndugu ataulizwa hiyo kwanza. Faili bado iko wazi. Jina la baba: halijulikani. Lugha ya utotoni: Kifuliiru. Mahali alipoonekana: njia ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Kama ulipita njia hiyo mwaka huo na ulimwacha mtoto nyuma, au ulimwona mtu analilia mtoto, nenda ofisi ya kutafuta ndugu kwenye kambi yako, uandikwe. Yeye amekubali kutafutwa.