Kava Nyekundu Haisimamishi Gari

Wajukuu zangu, Desemba ikikaribia, senene wakiwa angani na mvua ikinyesha, mnaanza kurudi nyumbani Bukoba na Muleba. Siku hizi mnakuja na magari ya mbio, Subaru zinazonguruma hadi kuku wanakimbilia migombani. Babu yenu sichukii mwendo. Nimeendesha lori miaka mingi nikishusha kahawa kutoka Kamachumu. Nina neno moja tu kwenu: mwendo ni mali ya mwenye breki.

Mwaka jana mmoja wenu aliegesha Impreza yake uani kwangu. Nyuma ya rimu ziling'aa kalipa nyekundu zenye jina la Brembo, Waitaliano wa tangu 1961, ambao breki zao zilifungwa kiwandani kwenye baadhi ya Subaru WRX STI. Nikapitisha kidole, nikavuta kidogo. Nikabaki na plastiki mkononi. Kumbe ni kava tu, imebandikwa juu ya breki za kawaida. Injini kaiongezea nguvu, breki kaipamba.

Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Pedi zinabana diski, diski inapata moto, upepo unaipoza. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, joto la kulisimamisha gari haliwi mara 2, linakuwa mara 4. Wenye mbio zao wanalijua hilo. Jaguar walipotwaa ushindi wa Le Mans mwaka 1953, silaha yao kubwa ilikuwa breki za diski: waliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wenye dramu, na bado wakaipata kona. Porsche nao, 911 GT2 ya mwaka 2001 waliitoa na diski za kauri zinazovumilia moto mkali. Anayetaka kukimbia hutangulia kugharamia kusimama.

Halafu kuna mafuta ya breki, ambayo wengi wenu hamyatazami kabisa. Mafuta hayo hunyonya unyevu, na kwetu unyevu hauna msimu. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, huvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, nyuzi 140 zaweza kuyachemsha. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari linaendelea na safari yake.

Hayo sikuyasoma. Siku moja tulikuwa tunashuka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe, lori limejaa magunia. Tajiri alisisitiza tubane dizeli, nami nikaweka nyutro ili lori lijishushe lenyewe. Kwanza nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Kisha pedali ikawa laini kama matoke yaliyoiva. Nikapampu, wapi! Nikaligandamiza lori ubavu kwa ubavu na ukingo wa udongo upande wa mlima, mpaka likakwama. Utingo wangu alivunjika mkono, kahawa ikatapakaa barabarani. Kama upande ule ungekuwa wa korongo, nisingekuwa hapa kuwaambia. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwetu Kagera, wajukuu zangu, ukingo wenyewe ni genge.

Basi shikeni haya. Mkifika mteremko wa Nyangoye au milima ya Muleba, ingizeni gia nzito kabla ya kuanza kushuka, injini isaidie kushikilia gari. Msiweke nyutro, wala msizime injini, maana msaada wa busta ya breki utaisha na pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na fundi atoe hewa yote. Pedi nunueni kwa mtu mnayemwamini, msifuate bei tu. Mkinusa harufu ya kuungua, tafuteni mahali salama msimame, breki zipoe zenyewe. Msizimwagie maji: diski yenye moto huweza kupasuka.

Ile kava nyekundu bado ipo dirishani kwangu. Atakayekuja na gari jipya mwaka huu, akishanisalimia, afungue boneti anionyeshe mafuta ya breki. Habari za injini tutazungumza baadaye.