Mwendo Usiodai Kufika

Methali zetu zinaposifu kwenda pole, hutoa ahadi. Kawia ufike. Mwenda pole hajikwai. Haraka haraka haina baraka. Asiye na pupa ataiona faida mbele ya safari: atafika, hataumia, atapata baraka. Ni hekima ya watu waliosafiri kwa miguu na kwa jahazi, na siipingi. Lakini ndani ya methali hizo utaratibu ni mtumishi, na bwana wake ni kufika. Je, pakiwa hapana pa kufika, mwendo wa pole unabaki na thamani gani?

Kisiwa cha Jeju, kusini mwa rasi ya Korea, kinalipa swali hili ardhi ya kusimamia. Kimezaliwa na volkano. Mlima wake mkuu, Hallasan, una kimo cha mita 1,947, na kutoka kileleni ardhi huteremka pande zote hadi pwani ya mawe meusi. Baridi yake si kali kama ya Seoul, ndiyo maana machungwa yamestawi huko. Mwaka 2015 ilizinduliwa njia ya baiskeli ya kilomita 234 inayokizunguka kisiwa kwa kuifuata pwani, na mstari wa buluu uliochorwa barabarani ndio kiongozi wako. Mwenye shughuli ya kutoka mji wa Jeju, kaskazini, kwenda Seogwipo, kusini, haipiti njia hiyo; anapanda gari na kukata katikati ya kisiwa, na kwa muda wa saa moja hivi yuko huko. Anayeufuata mstari wa buluu mpaka mwisho anajikuta palepale alipoanzia. Kama kufika ndiko kunakohalalisha safari, basi huyu amejichosha bure.

Aristotle, katika Metafizikia, alitenganisha matendo ya aina mbili. Kujenga nyumba ni tendo ambalo utimilifu wake uko nje yake: maadamu unajenga hujamaliza kujenga, na ukishamaliza hujengi tena. Kuona si hivyo. Anayeona ameshaona, tendo limekamilika tangu lilipoanza, wala halingoji kitu cha kulikamilisha. Kuishi vizuri, kwa mujibu wake, ni kama kuona. Ukiipima safari kwa kipimo hiki, kwenda kazini kwa baiskeli ni tendo la aina ya kwanza. Kuzunguka kisiwa kunaweza kuwa la aina ya pili, ambapo kila kilomita ni safari nzima na hakuna kilomita iliyo daraja tu la kuvukia kwenda kwenye nyingine.

Nimesema kunaweza. Njiani Jeju vimewekwa vibanda kumi vyekundu, na ndani ya kila kimoja mna muhuri. Mwendeshaji hugonga mihuri yote kwenye kijitabu chake, kisha hupewa uthibitisho kwamba ameimaliza njia. Sioni ubaya wa mihuri; mtu hupenda kuwa na ushahidi wa jasho lake. Ila muhuri unaweza kuinyoosha duara ikawa mstari, na jicho likaacha kuangalia lilipo likaanza kutafuta wekundu wa kibanda kinachofuata. Kwa hiyo si umbo la barabara linaloamua tendo ni la aina gani. Ni kile ambacho mpitaji anakidai kutoka kwake.

Na asipodai chochote? Hapo vitu huanza kujitokeza kimoja kimoja. Chukua kuta za mashamba. Jeju ina upepo mwingi na mawe mengi, na wakulima wake tangu kale wamepanga mawe ya volkano bila udongo wala saruji, wakiacha matundu kati ya jiwe na jiwe. Kutoka kwenye gari utaona ukuta mweusi uliojengwa ovyo. Juu ya baiskeli, upepo unapokupiga kifuani, kisha unapungua ghafla nyuma ya ukuta huo bila kukatika kabisa, mwili unaelewa jambo ambalo macho yasingeliambiwa: matundu ndiyo yanayousimamisha ukuta, kwa kuwa upepo unapita humo ukiwa umevunjwa nguvu. Ujuzi huu hauko mwisho wa safari. Unapatikana kwa kasi fulani tu, nayo ni kasi ya mtu anayejiendesha kwa misuli yake.

Kuna pingamizi zito kuliko la mihuri. Ni nani mwenye nafasi ya kwenda bila kudai? Upande wa mashariki, karibu na vijiji vya Sehwa na Hado, unaweza kuona maboya yakielea, na chini yake wapo haenyeo, wanawake wapiga mbizi wanaokusanya konokono wa baharini, pweza na mwani bila mtungi wa hewa. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 14,000. Leo hawafiki 3,000, na wengi wao wamepita umri wa miaka 60. Mwaka 1932 wanawake wa vijiji hivi waliandamana kupinga unyonyaji wa utawala wa Kijapani. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wao katika orodha ya urithi wa binadamu. Mpitaji anaburudika, wao wako kazini, katika maji ya baridi, kwa pumzi moja moja.

Hata hivyo, hao ndio wanaolijua suala hili kuliko mpitaji na kuliko mwanafalsafa. Wazee wao huwafundisha wanagenzi kwamba hatari kubwa chini ya maji ni tamaa: kuona konokono mmoja zaidi pumzi ikiwa imekwisha, na kumwendea. Anayekufa hivyo ameuawa na kitu alichotaka kukifikia. Kazi yao ina lengo, ina soko na ina bei, lakini kipimo chake ni pumzi ya mwili. Basi utaratibu haukuletwa Jeju na watalii. Ulikuwepo, ndani ya kazi ngumu, na mwenye baiskeli akikodoa macho atajifunza kwamba starehe yake ni bahati, wala si sifa njema ya moyo wake. Bahati hiyo ina deni, nalo hulipwa kwa kuangalia.

Deni lenyewe ni kubwa. Tarehe 3 Aprili 1948 yalianza maasi kisiwani, na ukandamizaji uliofuata uliendelea hadi 1954. Wanakadiriwa kufa watu 25,000 hadi 30,000, karibu mtu mmoja kwa kila kumi wa kisiwa kizima. Januari 1949, katika kijiji cha Bukchon, wanajeshi waliua wanakijiji zaidi ya 300. Kwa miongo mingi kuzungumzia habari hizo kulikuwa hatari: mwandishi Hyun Ki-young alipochapisha mwaka 1978 hadithi yake juu ya mauaji ya Bukchon, alikamatwa na kuteswa. Serikali ya Korea Kusini iliomba radhi mwaka 2003, kwa kinywa cha Rais Roh Moo-hyun.

Njia ya baiskeli inapita Bukchon, na hapo naona jibu la swali langu. Anayetaka kufika huziona pande za barabara kama kizuizi au pambo. Asiyedai kufika hana sababu ya kupita bila kusimama, na kwa hiyo hana udhuru. Mwendo wa pole una thamani pasipo na pa kufika kwa sababu humwacha mtu akiwa bado anaweza kuzuiwa na asichokitafuta.

Kibanda cha tisa kiko ufukwe wa Gimnyeong na cha kumi kiko Hamdeok. Bukchon iko katikati yao, haina muhuri. Ina makaburi madogo ya watoto, yamezungushiwa mawe meusi. Ukijaliwa kuizunguka Jeju, teremka baiskeli hapo.