Baada ya maombi, atalala wapi?



Katika Marko 5 tunasoma habari ya mtu aliyekaa makaburini. Walimfunga minyororo mara nyingi, isimponyeshe. Yesu alipomponyesha, yule mtu alitaka kumfuata. Yesu akakataa, akamtuma nyumbani kwa watu wake. Sisi mashemasi tumehubiri sana juu ya nguruwe, lakini hiyo nyumba tumeiruka.

Tunaleta wagonjwa wa akili kwenye maombi, kisha tunawafunga kwenye mti wa lupango. Sisi tunaoandika haya tumeshika kamba hizo.

Kule Bouaké, Côte d'Ivoire, Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alikuwa fundi wa mipira ya magari, si daktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alimwona mwenye wazimu, uchi, akitafuta chakula katika takataka. Akaanza kuwapelekea chakula barabarani, halafu akawatafutia pa kulala. Vijijini akakata minyororo. Katika vituo vyake mgonjwa anapata dawa, kitanda na kazi ya mikono, na wengi wanaowatunza ni wale waliopona.

Maombi yetu yataendelea. Lakini nani ana chumba? Nani atampeleka ndugu kuchukua dawa kila mwezi, ale naye mezani? Mwenye kuitika atuone Jumapili kisha ibada. Kamba tumekwisha kuzitoa.